Kamera ya Kazi: Ubora wa Picha na Wepesi wa Kulenga, Kipi Kitangulie?

Kununua kamera kubwa ya kidijitali si jambo la mchezo katika nyumba ya mtu wa mshahara. Fedha zinazotosha kununua kamera moja na lenzi yake zaweza pia kulipa ada za watoto, kuezeka nyumba upya, au kuleta ng'ombe wa maziwa uani. Ndiyo maana familia yenye kijana anayetaka kuifanya picha kuwa kazi yake haina budi kuketi pamoja na kuuliza: kamera hii itazirudishaje fedha zitakazotolewa kwa ajili yake? Na kati ya kamera mbili, ipi ichaguliwe: ile itoayo picha nzuri zaidi, au ile iwezayo kulenga upesi na bila kukosea?

Swali hili lina uzito wake mahali kama Kajaga. Mtaa huo uko magharibi ya jiji la Bujumbura, kando ya Ziwa Tanganyika, katika njia iendayo Gatumba na mpaka wa Kongo. Maharusi wengi wa Bujumbura hupenda kupigwa picha ufukweni jua likielekea kuzama nyuma ya milima ya Uvira, kisha huingia ukumbini kwa sherehe za usiku. Basi mpiga picha hufanya kazi mbili tofauti kabisa kwa siku moja. Alasiri huwa na jua kali na maji yanayometameta. Kufika saa kumi na mbili na nusu giza limeingia, na taa za ukumbini ni hafifu, tena za rangi nyingi. Kamera inayofaa saa kumi alasiri huenda isifae saa mbili usiku.

Na uchukuliwe mfano wa nyumba moja ya askari mstaafu. Baba aliweka akiba fedha alizopata alipokuwa katika kikosi cha kulinda amani Somalia, ambako majeshi ya Burundi yaliingia mwaka 2007. Kijana wake anataka kufungua kazi ya picha. Baba amesikia habari za megapikseli, naye anataka kamera yenye nyingi kuliko zote. Kijana anataka kamera inayoutambua uso wa mtu na kuufuata. Mama, mwenye ufunguo wa sanduku la fedha, anasema, "Mwanangu, sikatai. Lakini nionyeshe kwanza tofauti zenyewe, nisije nikanunua jina tu." Neno la mama ni la haki, na kila nyumba ingefanya vema kulifuata.

MAANA YA FREMU KAMILI

Ndani ya kila kamera ya kidijitali mna kibamba kidogo kiitwacho kihisi, ambacho hupokea mwanga mahali pale palipokuwa pakikaa filamu zamani. Kamera ya fremu kamili ni ile ambayo kihisi chake kina ukubwa sawa na picha moja ya filamu ya milimita 35, yaani milimita 36 kwa 24. Eneo lake ni milimita za mraba 864. Kamera nyingi za bei ya kati zina kihisi cha milimita 23.5 kwa 15.6 hivi, ambacho eneo lake halifiki hata nusu ya lile la kwanza. Kihisi cha simu ni kidogo zaidi. Katika simu nyingi hakizidi ukubwa wa ukucha wa kidole kidogo.

Faida ya ukubwa huo ni rahisi kueleweka. Mvua ikinyesha, sinia hukusanya maji mengi kuliko kikombe. Vivyo hivyo kihisi kikubwa hukusanya mwanga mwingi kuliko kidogo katika muda uleule, ikiwa tundu la lenzi ni la kadiri ileile. Mchana wa jua tofauti hii haionekani sana, kwa maana mwanga ni tele na hata kikombe hujaa. Usiku ndipo sinia hushinda.

Kamera za namna hii hazikuwa za watu wa kawaida zilipoanza. Canon EOS-1Ds ilitoka mwaka 2002 ikiwa na megapikseli 11, na bei yake ilikuwa ya magazeti makubwa na mashirika. Mwaka 2005 ilifuata Canon EOS 5D, iliyoshusha bei hadi pale mpiga picha wa mtaani alipoweza kuikaribia. Nikon nao walitoa D3 mwaka 2007. Leo kamera za fremu kamili zilizotumika zinauzwa kwa bei ambayo studio ndogo yaweza kuimudu, na hapo ndipo uchaguzi unapoanza kuwa mgumu.

UBORA WA PICHA HUPIMWA KWA NINI?

Wengi hudhani ubora wa picha ni wingi wa megapikseli. Hesabu ndogo yatosha kuonyesha kosa lao. Picha ya albamu ya sentimita 20 kwa 30, ikichapwa vizuri kwa nukta 300 katika kila inchi, huhitaji megapikseli zisizozidi 9. Picha kubwa ya ukutani ya sentimita 30 kwa 45 huhitaji kama 19. Basi kamera ya megapikseli 20 au 24 yatosha kwa arusi, ubatizo, mahafali na gwaride. Megapikseli 45 humfaa apigaye mabango makubwa au anayekata sehemu ndogo ya picha na kuikuza. Kwa mwingine ni mzigo: kadi hujaa upesi, kompyuta huchoka, na kutuma picha kwa mteja huchukua muda na fedha.

Vipimo vyenye maana zaidi ni vitatu.

Cha kwanza ni usafi wa picha katika mwanga hafifu. Mpiga picha anapopandisha kipimo cha ISO ili kamera ione gizani, picha hujaa punje kama mchanga, na rangi za nguo huanza kuchafuka. Kamera ya fremu kamili hupandishwa hadi ISO 3200 au 6400 na bado picha ikapendeza.

Cha pili ni uwezo wa kushika weupe na weusi katika picha moja. Hapa mpiga picha wa Afrika ana mtihani wake. Bibi arusi amevaa shela jeupe, bwana arusi suti nyeusi, na nyuso zao ni nyeusi au maji ya kunde. Nyuma yao ziwa linawaka kwa jua. Kamera hupima mwanga kwa kukisia kwamba kila kitu kilicho mbele yake ni cha kijivu cha wastani. Ikiona weupe mwingi hupunguza mwanga, na sura za watu huwa giza. Kihisi chenye uwezo mpana humruhusu mpiga picha kuwainua watu kutoka gizani baadaye kwenye kompyuta bila kuliharibu shela.

Cha tatu ni ukweli wa rangi, hasa ya ngozi. Katika enzi ya filamu, kadi ambazo maabara zilitumia kusahihishia rangi, zilizotolewa na kampuni ya Kodak, kwa miongo kadhaa zilibeba sura ya mwanamke mweupe. Haishangazi basi kwamba picha za babu na bibi katika albamu nyingi zimekuwa kama vivuli. Kamera za sasa zimemwondolea mpiga picha kikwazo hicho kwa sehemu kubwa, lakini bado ni wajibu wake kupima mwanga usoni mwa mtu, wala si kwenye shela au angani.

KULENGA KWENYEWE

Otofokasi ni uwezo wa kamera kuisogeza lenzi yenyewe mpaka kitu kilichokusudiwa kionekane wazi. Ufundi huu uliingia madukani mwaka 1977 kwa kamera ndogo ya Konica C35 AF, na mwaka 1985 Minolta 7000 ikauweka ndani ya mwili wa kamera ya kubadilisha lenzi, ikapata soko kubwa. Tangu hapo njia zimekuwa mbili kubwa.

Njia ya kwanza ni kutafuta ukali. Kamera husogeza lenzi mbele na nyuma huku ikitazama ni wapi mistari inapoonekana wazi zaidi, mfano wa mtu anayezungusha kitufe cha redio akitafuta stesheni. Njia hii hufika mahali sahihi, lakini huchelewa, na gizani huweza kusitasita, lenzi ikienda na kurudi.

Njia ya pili ni kulinganisha miali. Kamera huupokea mwanga kutoka pande mbili za lenzi na kuilinganisha miali hiyo, ikajua mara moja kama lenzi imezidi au imepungua, na kwa kiasi gani. Askari ataielewa vizuri: ni tofauti kati ya kurusha risasi na kurekebisha baada ya kila mlio, na kupimiwa umbali kabla ya kufyatua.

Kamera za zamani zenye kioo ndani hutumia njia hii ya pili kwa kifaa kilichowekwa chini, mbali na kihisi. Ni nyepesi sana, lakini zina kasoro mbili. Kwanza, vituo vya kulengea hukusanyika katikati ya picha. Mtu akiwa pembeni, mpiga picha hulenga katikati kisha husogeza kamera, na katika kusogeza huko shabaha hupotea kidogo. Pili, kwa kuwa kifaa cha kulengea na kihisi ni vitu viwili, vyaweza kutofautiana. Kamera ikasema imelenga jicho, kumbe imelenga sikio. Ni kama bunduki ambayo shabaha yake haikurekebishwa: mpigaji hodari hukosa kila mara, tena upande uleule. Kamera nyingi za daraja la juu zina sehemu ya kurekebisha tofauti hiyo kwa kila lenzi, na anayenunua kamera ya kioo yampasa ajifunze kuitumia.

Kamera zisizo na kioo zimeondoa kasoro hizo kwa kuweka vituo vya kulengea juu ya kihisi chenyewe. Sony A7 ya mwaka 2013 ndiyo iliyofungua njia hii kwa fremu kamili. Canon nao mwaka huohuo, katika kamera yao ya kihisi kidogo iitwayo 70D, walileta ufundi ambao kila pikseli hugawanywa sehemu mbili ili ishiriki katika kulenga. Baadaye ufundi huo ukaingizwa katika kamera zao za fremu kamili. Kwa kuwa kihisi ndicho kinachoona picha, kamera yaweza kufundishwa kutambua uso, kisha jicho, na kulifuata hata mtu akitembea kutoka pembe moja ya picha hadi nyingine.

MAMBO MAWILI YALIYOFUNGWA KAMBA MOJA

Watu hubishana kana kwamba ubora wa picha na wepesi wa kulenga ni mambo mawili yasiyojuana. Sivyo. Kadiri kihisi kinavyokuwa kikubwa na tundu la lenzi likawa wazi, ndivyo sehemu inayoonekana wazi katika picha inavyokuwa nyembamba.

Hesabu yake ni hii. Mpiga picha akitumia kamera ya fremu kamili na lenzi ya milimita 85, tundu likiwa f/1.8, akamsimamia bibi arusi umbali wa mita mbili, sehemu iliyo wazi ina unene wa sentimita 6 hivi tu. Kutoka ncha ya pua hadi sikioni ni zaidi ya hapo. Bibi arusi akiinamisha kichwa kidogo kusaini daftari la ndoa, jicho limekwisha toka katika ukali. Maana yake ni kwamba kamera ileile iliyonunuliwa kwa ajili ya uzuri wa picha za usiku ndiyo inayodai ulengaji usiokosea.

Yapo pia makosa yanayosameheka na yasiyosameheka. Picha yenye punje yaweza kusafishwa kwa programu ya kompyuta. Picha yenye giza yaweza kuinuliwa. Picha ambayo rangi yake imeelemea unjano yaweza kurekebishwa. Lakini picha iliyokosa shabaha haina dawa ya kuaminika. Na arusi hairudiwi. Pete huvishwa mara moja, na mzee aliyesimama kutoa baraka huenda mwakani asiwepo.

KAMERA KWA KAMERA

Tofauti hizi zaonekana wazi katika kamera ambazo hupatikana kwa wingi zikiwa zimetumika.

Canon EOS 6D ya mwaka 2012 ina megapikseli 20.2 na picha zake za usiku ni safi hata kwa vipimo vya leo. Lakini ina vituo 11 tu vya kulengea, na ni kile cha katikati peke yake kinachosoma mistari ya wima na ya mlalo kwa pamoja. Kituo hicho huona vizuri sana gizani. Hivyo kamera hii yafaa kwa picha za studio, picha za pasi, na watu waliotulia. Kwa ngoma na watoto wanaokimbia, humtesa mwenyewe.

Canon 5D Mark III, ya mwaka huohuo wa 2012, ina megapikseli 22.3 na vituo 61. Ubora wa picha zake haupishani sana na wa 6D, ila katika kulenga zimeachana mbali. Zote mbili zina udhaifu mmoja: mpiga picha akizipandisha sana sehemu za giza baada ya kupiga, huona punje na michirizi.

Nikon D750 ya mwaka 2014 ina megapikseli 24.3 na vituo 51. Katika kuinua giza bila uchafu huzishinda hizo mbili za Canon, jambo lenye manufaa makubwa ufukweni. Kipimo cha ISO kikipanda, tofauti hiyo hupungua sana. Vituo vyake vya kulengea, hata hivyo, vimebanana katikati.

Sony A7 III ya mwaka 2018 ina megapikseli 24 na vituo 693 vilivyotawanyika karibu picha nzima. Nyongeza ya programu iliyotolewa mwaka 2019 iliiwezesha kulifuata jicho bila mpiga picha kushika kitufe cha ziada. Nikon Z6, nayo ya mwaka 2018, ina megapikseli 24.5 na vituo 273.

Canon EOS R8 ya mwaka 2023 ina megapikseli 24.2, na hutambua watu, wanyama na vyombo vya usafiri. Ni nyepesi mkononi, ila ina nafasi ya kadi moja tu na betri yake ni ndogo.

Msomaji akizitazama kamera hizi kwa utaratibu, ataona jambo ambalo matangazo ya biashara hayasemi kwa sauti. Kutoka mwaka 2014 hadi 2023 megapikseli zimebaki palepale, na picha ya D750 ikichapwa kando ya picha ya R8, zote mbili zikiwa zimelengwa sawasawa, wageni wa arusi hawataweza kuzitenganisha. Kilichobadilika sana ni idadi ya picha zilizolengwa sawasawa. Kwa hiyo anayetoa fedha zaidi kwa kamera mpya ananunua hasa uhakika wa kulenga, wala si uzuri wa picha. Akilijua hilo atapima kwa haki kama kazi yake inahitaji uhakika huo.

Ngoma za Burundi ni mfano mzuri wa kazi inayouhitaji. Ngoma hizo za kifalme ziliingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika mwaka 2014, na hazikosekani katika sherehe kubwa. Mchezaji huruka juu mbele ya ngoma, mikono na miguu yote ikienda. Hapo kamera huwekwa katika ulengaji wa kuendelea, uitwao AF-C katika Nikon na Sony, na Servo katika Canon, na shata isiwe ya polepole kuliko sehemu moja ya 500 ya sekunde. Kamera yenye kituo kimoja cha kutegemewa hupata bahati. Kamera inayofuata uso hupata kazi.

MAMBO YA NYUMBANI YASIYOANDIKWA KWENYE SANDUKU

Umeme ni la kwanza. Kwa vipimo vya watengenezaji, D750 hupiga picha 1,230 kwa betri moja na 6D hupiga 1,090, lakini A7 III hupiga kama 610 kwa kutumia kitazamio, na Z6 kama 310. Mahali ambapo umeme hukatika, kamera isiyo na kioo yadai betri mbili au tatu za akiba, na gharama yake ihesabiwe tangu mwanzo.

Lenzi ni la pili. Kamera nzuri yenye lenzi mbovu ni askari mwenye bunduki bila risasi. Lenzi ya milimita 50 yenye tundu la f/1.8 ni ya bei nafuu katika kila kampuni, na ukumbini husaidia kuliko mwili wa kamera wa bei maradufu. Mwenye lenzi za zamani za Canon EF aweza kuziunganisha na kamera mpya za Canon kwa kiungo maalumu, nazo zikalenga vizuri. Kwa Nikon, lenzi za zamani zisizo na mota ndani zikifungwa kwa kiungo cha FTZ hazitajilenga zenyewe.

Unyevu ni la tatu. Kandokando ya ziwa hewa ni nzito, na kuvu huota ndani ya vioo vya lenzi iliyofungiwa kabatini. Wakazi wa Kajaga na Gatumba wanajua zaidi ya unyevu, kwa kuwa mwaka 2021 na tena mwaka 2024 maji yaliyopanda yaliingia katika nyumba za watu. Kamera iwekwe katika kisanduku kisichopitisha hewa pamoja na vipakiti vya kukausha, tena juu, si chini ya kitanda.

La nne ni taa. Kamera nyingi mpya zaweza kupiga bila mlio. Jambo hilo hupendeza kanisani na msikitini, lakini chini ya taa za LED huweza kuacha mistari myeusi katika picha. Mpiga picha ajaribu kabla ya sherehe kuanza.

La tano ni usalama na sheria. Jamaa za askari na polisi hawahitaji kukumbushwa kwamba kambi, vituo, madaraja na viwanja vya ndege havipigwi picha pasipo ruhusa. Na kwa wale wapendao kupiga picha viboko wanaotoka ziwani jioni: lenzi ndefu ndiyo itumike kusogea karibu, wala si miguu.

KABLA YA KUTOA FEDHA

Yeyote anunuaye kamera iliyotumika aulize kwanza shata imefyatuliwa mara ngapi. Watengenezaji waliikadiria shata ya 6D mara 100,000, ya 5D Mark III na ya D750 mara 150,000, na ya A7 III mara 200,000. Kisha afanye jaribio mwenyewe, wala asikubali kuonyeshwa picha za mtandaoni.

Jaribio lenyewe ni hili. Saa kumi na mbili jioni, mtoto atembee kutoka hatua kumi kumwelekea mpiga picha. Zipigwe picha 20 mfululizo kwa tundu lililo wazi kabisa. Lirudiwe jambo hilo ndani ya nyumba kwa taa moja. Kisha kila picha ikuzwe kwenye kompyuta, na zihesabiwe zile ambazo jicho liko wazi. Kamera ya pili ifanyiwe vivyo hivyo, kwa mtoto yuleyule na mwendo uleule. Mwisho ichukuliwe picha moja yenye giza kutoka kila kamera, iinuliwe mwanga, na punje zitazamwe. Karatasi yenye hesabu hiyo ndiyo ipelekwe mbele ya familia. Mali bila daftari hupotea bila habari.

Katika nyumba ile ya mfano, hesabu ndiyo iliyomaliza mabishano. Baba alipoona picha mbili zilizochapwa kwa ukubwa wa albamu, moja ya megapikseli 24 na nyingine ya 45, alishindwa kuzitofautisha, akaacha habari za megapikseli. Kijana naye aliulizwa ana arusi ngapi alizokwisha ahidiwa. Jibu lilikuwa mbili tu. Wateja wengine wote wanataka picha za pasi, za shule na za familia.

"Basi, mwanangu," mama akasema, "anza na ile ya zamani yenye vituo vingi, na lenzi nzuri. Hizo arusi mbili zikienda vema, zitakuja nyingine, nazo ndizo zitakazonunua kamera ya pili."

"Sawa, mama. Na hii ya kwanza itabaki kuwa ya akiba," kijana akajibu, "maana mpiga picha wa arusi hapaswi kwenda na kamera moja."

Uamuzi huo si sheria kwa kila nyumba. Anayetaka kumbukumbu za watoto wake tu hana sababu ya kununua fremu kamili. Simu nzuri na mwanga wa dirishani vyatosha. Anayepiga watu waliotulia studioni na anunue kamera ya zamani yenye kihisi safi, abakize fedha za taa. Lakini anayeishi kwa arusi, ngoma na michezo, ambaye wateja wake wamelipa kwa ajili ya dakika isiyorudi, autangulize ulengaji, kwa kuwa kamera zote za daraja hili picha zake zimekwisha kuwa nzuri vya kutosha. Na yeyote awaye, atenge sehemu ya fedha zake kwa lenzi, betri na kadi ya pili, kabla hajaulizia bei ya mwili wa kamera.